Somo la Kwanza la Kupanda Mawimbi: Pumzi, Mgongo na Maji ya Mwanagenzi

Utangulizi

Mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao ulizaliwa katika visiwa vya Pasifiki, hasa Hawaii, ukaenea katika mabara mengine tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hata ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Katika Afrika Mashariki tumeuzoea zaidi ule mchezo wa jamii yake utumiao tiara, unaochezwa Paje katika kisiwa cha Unguja na Diani nchini Kenya, ambako upepo humvuta mchezaji juu ya maji. Pwani ya Kilwa na Lindi haina sifa hiyo. Visiwa vya Songo Songo, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Sanje ya Kati, pamoja na miamba ya matumbawe, huvunja nguvu ya bahari kuu kabla haijafika ufukweni. Kwa hiyo mawimbi yanayofika Kilwa Masoko au ndani ya ghuba ya Lindi mara nyingi huwa madogo.

Udogo huo ndio unaomvutia anayejifunza kwa mara ya kwanza, nao ndio unaoweza kumdanganya. Kijana aliyealikwa na mgeni mwenye ubao, au mfanyakazi aliyekwenda likizo na kuamua kujaribu, huitazama bahari tulivu na kujiambia kuwa hakuna la kuhofia. Makala haya yanajenga hoja moja: katika somo la kwanza, mwili wa mwanagenzi hauumizwi sana na ukubwa wa wimbi. Huumizwa na mambo matatu yanayoweza kutokea hata katika maji ya kiunoni, nayo ni kukosa pumzi, kulala kifudifudi kwa muda mrefu, na kutojua maji yanaelekea wapi. Mwenye kuyajua mambo hayo matatu amefaulu somo lake hata kama hakusimama juu ya ubao hata mara moja.

Mhudumu wa afya wa Kilwa au Lindi anaweza kuuliza somo hili linamhusu vipi, ilhali wapanda mawimbi katika eneo lake ni wachache. Linamhusu kwa sababu maji yanayomzamisha mpanda ubao ndiyo yanayomzamisha abiria wa mashua, mkulima wa mwani na mama anayetafuta pweza mwambani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Zaidi ya 9 katika kila 10 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kabla ya kuingia majini: nani asubiri kwanza?

Watu wengi wenye maradhi ya kudumu wanaweza kuingia baharini kwa usalama, mradi wajipange mapema. Wachache wanapaswa kusubiri hadi wazungumze na mtabibu wao.

Wa kwanza ni mwenye kifafa. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali umeonesha kuwa hatari yake ya kufa maji ni mara 15 hadi 19 ya ile ya watu wengine. Degedege linalodumu dakika mbili nchi kavu huisha kwa uchovu na maumivu ya ulimi. Degedege hilohilo majini linaweza kuisha kwa kifo. Ambaye bado anapata degedege asipande ubao. Ambaye ugonjwa wake umetulia kwa dawa kwa muda mrefu aamue pamoja na daktari wake, wala asiingie majini bila mtu mzima aliye karibu naye kiasi cha kumshika mkono.

Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta ufukweni, mahali anapopajua mwenzake, wala asianze somo siku ambayo kifua kinabana. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuingia, na awe na kitu chenye sukari karibu, kwa kuwa kupiga maji kwa mikono kwa saa nzima hushusha sukari haraka. Aidha, akague nyayo zake atokapo majini, maana mguu uliopoteza hisia hautamwambia kuwa umekatwa na tumbawe.

Mwenye selimundu azingatie baridi na ukosefu wa maji mwilini. Bahari yetu ni ya joto, lakini mwili uliolowa ukipigwa na upepo wa kusi hupoa upesi, na baridi hiyo inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Somo lake liwe fupi. Anywe maji ya kutosha kabla na baada, na ajifunike kwa nguo kavu mara atokapo. Mjamzito asipande ubao, kwa sababu mchezo huu humlaza juu ya tumbo na kumwangusha mara kwa mara. Mwenye tundu katika ngoma ya sikio au sikio linalotoa usaha asubiri mpaka litibiwe. Mwenye ualbino achague asubuhi mapema au alasiri, na avae nguo ya kufunika mikono, shingo na nyuma ya miguu, sehemu ambayo mtu aliyelala kifudifudi huianika juani bila kujua. Na aliyekunywa pombe, hata kidogo, asiingie kabisa.

Kuisoma bahari kabla ya kuigusa

Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni takribani saa sita na robo, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu huweza kuzidi mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mwalimu anayetoka mbali huenda akajua mawimbi vizuri kuliko mvuvi, lakini mvuvi wa Masoko anayajua maji ya Masoko kuliko mgeni yeyote. Kwa hiyo swali la kwanza la somo aulizwe mvuvi au nahodha wa mashua: leo maji yanajaa au yanapwa, na yakipwa yanapitia wapi?

Jibu la swali hilo lina thamani ya uhai. Maji yanapopwa hayatoki sawasawa kila mahali. Hukusanyika na kutoka kwa kasi kupitia milango ya miamba, mikono ya bahari na vinywa vya mito. Mtu aliye juu ya ubao hapo huchukuliwa kuelekea nje bila wimbi lolote kubwa kuonekana. Hata kwenye ufuko wa mchanga, maji yaliyosukumwa na mawimbi hurudi kwa njia nyembamba yenye mkondo. Njia hiyo hutambulika kwa maji ya rangi tofauti, yenye mchanga au povu linaloelekea nje, na kwa mawimbi kutovunjika hapo huku yakivunjika kulia na kushoto. Mwanagenzi huipenda sehemu hiyo kwa sababu huonekana tulivu, kumbe utulivu wake ndio ishara ya hatari.

Anayechukuliwa na mkondo asishindane nao. Abaki juu ya ubao wake, kwa kuwa ubao ni boya. Ainue mkono kuomba msaada. Kisha apige maji kuelekea pembeni, sambamba na ufuko, mpaka atoke kwenye mkondo. Hapo ndipo arudi nchi kavu. Wengi wanaokufa katika mikondo huuawa na uchovu wa kupigania kurudi moja kwa moja walikotoka.

Upepo nao una neno lake. Kusi huvuma takribani kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na huchafua bahari. Kaskazi hutawala kati ya Desemba na Machi. Upepo wa nchi kavu uvumao alfajiri, ambao mabaharia huuita umande, hulainisha maji na kuyapendeza macho, lakini humsukuma mtu mwepesi juu ya ubao mwepesi kuelekea bahari kuu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za bahari, na ni vyema kuzisikiliza siku hiyo hiyo ya somo. Wakazi wa Kilwa wanakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotua Mafia na mvua zake kukata barabara katika wilaya yao.

Kwa muhtasari, mahali pa somo la kwanza pawe na mchanga chini, si mwamba. Maji yawe yanajaa, si yanapwa. Kina kisizidi kiuno hadi kifua cha mwanafunzi. Na pawe mbali na kinywa cha mto, gati na njia ya mashua.

Kuelea kwanza, ubao baadaye

Ubao humwonesha mtu asiyejua kuogelea kana kwamba anajua. Humbeba hadi kina asichokimudu, kisha kamba ya kifundoni ikikatika, humwacha huko. Kwa sababu hiyo napendekeza kigezo chepesi kabla ya kumkabidhi mtu ubao: aelee chali kwa dakika moja akiwa ametulia, ajigeuze kutoka kifudifudi hadi chali bila kushikwa, na asonge mita 25 majini bila kugusa chini. Asiyeweza bado ana somo zuri la kujifunza siku hiyo, nalo ni kuelea.

Mafunzo ya kuelea huanza na pumzi. Mwanafunzi asimame katika maji ya kiunoni, avute pumzi kwa mdomo, azamishe uso, atoe pumzi polepole kwa pua, kisha ainuke. Arudie mpaka hofu ipungue. Halafu alale chali, mwalimu akiweka kiganja chini ya mgongo, masikio yakiwa ndani ya maji, kidevu kikitazama juu, kifua kikiwa kimejaa hewa. Mapafu yaliyojaa hewa hufanya kazi ya boya. Anayeinua kichwa ili atazame miguu yake huzamisha kiuno, na hapo ndipo hofu hurudi.

Jambo moja lipigwe marufuku, nalo ni mashindano ya kukaa chini ya maji muda mrefu, hasa baada ya kuhema kwa kasi. Kuhema kwa kasi hupunguza kaboni dayoksaidi katika damu, nayo ndiyo inayomlazimisha mtu kuvuta pumzi. Oksijeni inaweza kuisha kabla mwili haujadai hewa, mtu akazimia kimya bila onyo lolote, hata kama ni mwogeleaji hodari.

Mchangani: kujifunza kulala, kuinuka na kuanguka

Sehemu kubwa ya somo hufanyika nchi kavu. Ubao wa mwanagenzi uwe mrefu na mpana, wa povu laini, kwa sababu majeraha mengi ya mchezo huu husababishwa na ubao wa mchezaji mwenyewe, na mengi ni michubuko na mikato ya kichwa na miguu. Ubao ulazwe mchangani, mwanafunzi alale juu yake katikati, vidole vya miguu vikigusa mwisho wa ubao. Ajifunze kupiga maji kwa mikono, kisha kusukuma kifua juu na kuleta miguu chini yake, mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yakiwa yamekunjwa.

Baada ya hapo ajifunze kuanguka, na hili ni muhimu kuliko kusimama. Aangukie ubavu au makalio, mwili ukiwa bapa, kamwe asitangulize kichwa, kwa kuwa maji ya kiunoni yana sakafu karibu. Akiwa chini ya maji afunike kichwa kwa mikono miwili, na atokeapo juu atangulize mkono, maana ubao unaweza kuwa juu yake. Asisimame kamwe na ubao ukiwa kati yake na wimbi linalokuja. Wimbi dogo la magotini linatosha kuupiga ubao usoni pake.

Ugonjwa wa mgongo unaowapata wanagenzi

Mwaka 2004 madaktari wa Hawaii walieleza wagonjwa 9 waliopooza miguu baada ya kupanda mawimbi bila kuanguka vibaya wala kugongwa na chochote. Tangu wakati huo wagonjwa wengine wameripotiwa katika nchi mbalimbali. Ugonjwa huo ni nadra, lakini wahudumu wa afya wa pwani wanapaswa kuujua kwa sababu huchagua wanagenzi, mara nyingi siku ya kwanza kabisa, na huwapata vijana wenye afya njema ambao hawajawahi kuumwa mgongo.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Mtu asiyezoea hulala kifudifudi juu ya ubao kwa muda mrefu akisubiri wimbi, mgongo ukiwa umepindwa kuelekea nyuma na kichwa kimeinuliwa. Mkao huo, pamoja na kujikaza mara kwa mara, hudhaniwa kupunguza damu inayofika sehemu ya chini ya ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Ugwe mgongo ukikosa damu, hujeruhiwa kama ubongo unavyojeruhiwa na kiharusi.

Dalili hufuatana kwa mpangilio unaotambulika. Kwanza huja maumivu ya ghafla ya mgongo, wakati wa somo au mara baada yake. Kisha, katika dakika au saa chache, miguu hufa ganzi na kuishiwa nguvu, na mgonjwa hushindwa kukojoa. Wapo wanaopona kabisa na wapo wanaobaki na ulemavu wa kudumu.

Kinga yake haigharimu fedha. Mwanafunzi asikae kifudifudi kwa kusubiri. Asubiri wimbi akiwa ameketi juu ya ubao au amesimama majini. Apumzike ufukweni kila baada ya muda mfupi, na anywe maji. Zaidi ya yote, mara mgongo unapouma amwambie anayemfundisha, «Mwalimu, mgongo unaniuma, natoka,» na mwalimu asimjibu kuwa ni uchovu wa kawaida. Somo la mtu huyo limekwisha kwa siku hiyo.

Mhudumu wa zahanati anayempokea mtu aliyetoka baharini akilalamika mgongo amuulize maswali matatu: Je, ulilala juu ya ubao kwa muda? Je, miguu ina nguvu na hisia kama kawaida? Je, umekojoa tangu utoke majini? Kisha amkague kwa kumtaka anyanyue kila mguu na kwa kupima hisia kuanzia nyayo hadi kitovuni. Akikuta udhaifu, amlaze chali, ahakikishe shinikizo la damu halishuki, ampe maji ya mshipani ikihitajika, na aweke mpira wa mkojo ikiwa kibofu kimejaa. Asisubiri kesho. Ampe rufaa kwenda Hospitali ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, ambako mipango ya kumfikisha kwa mabingwa wa mishipa ya fahamu itafanywa. Hadi sasa hakuna dawa mahususi iliyothibitishwa kuuponya ugonjwa huu. Thamani ya haraka ni kulinda sehemu ya ugwe mgongo iliyobaki hai na kutopitwa na ugonjwa mwingine.

Magonjwa mengine yanayodhoofisha miguu katika mkoa huu ni pamoja na kifua kikuu cha mifupa ya mgongo na kichocho kinachoshambulia ugwe mgongo. Hayo kwa kawaida huja kwa siku au wiki, hayaji kwa saa. Muda wa kuanza kwa dalili ndio unaotofautisha, kwa hiyo uandikwe kwa usahihi katika barua ya rufaa.

Aliyezama: pumzi zitangulie

Kiswahili chetu husema mtu «amekufa maji», na msemo huo una hasara kitabibu, kwa sababu humhesabu mtu kuwa amekwisha kufa angali akitafuta pumzi. Tangu mwaka 2002 wataalamu wamekubaliana kuwa kuzama ni mwenendo, yaani ni kushindwa kupumua kwa sababu ya kuwa ndani ya maji. Mwenendo huo unaweza kuishia kwa kifo, kwa ulemavu, au kwa kupona kabisa. Kazi ya mwokoaji ni kuukatiza katikati.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo wake hutokea juu kwa muda mfupi tu wa kuvuta hewa, mikono hukandamiza maji pande zote mbili, macho hukosa mwelekeo, na mara nyingi hana zaidi ya dakika moja kabla hajazama. Mwenye kumwona amfikishie kitu kwanza: upondo, kanga iliyosokotwa, kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au ubao. Kuingia majini mikono mitupu huongeza mzamaji wa pili.

Akiwa ufukweni, ikiwa haitikii wala hapumui kawaida, alazwe chali, kichwa kiinamishwe nyuma na kidevu kiinuliwe. Tofauti na mtu aliyeanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, aliyezama moyo wake husimama kwa kukosa oksijeni; kwa hiyo pumzi zitangulie. Miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5, ya Marekani pumzi 2. Baada ya hapo kifua kikandamizwe mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kuchoka hadi msaada ufike. Asiyejua kupuliza pumzi akandamize kifua, kwani hilo ni bora kuliko kutazama.

Povu likitoka mdomoni, lisipotezewe muda kulifuta. Akitapika, ageuzwe ubavu, asafishwe, na kazi iendelee. Asining'inizwe kichwa chini, asizungushwe juu ya pipa, asikandamizwe tumbo «ili maji yatoke». Maji yaliyoingia mapafuni kwa kawaida ni kidogo na hayatoki kwa njia hizo. Kinachotoka ni chakula cha tumboni, ambacho huweza kuingia mapafuni. Kinachopotea ni dakika, na ubongo hauna dakika nyingi.

Aliyezama akazinduka bado ni mgonjwa. Kila aliyepoteza fahamu, aliyepuliziwa pumzi, au anayekohoa na kuhema, apelekwe kituo cha afya, apewe oksijeni ikiwa kiwango chake kimeshuka, na aangaliwe kwa saa 6 hadi 8. Viuavijasumu havitolewi kwa kila mmoja, bali kwa mwenye dalili za maambukizi. Asiyekohoa, mwenye mapafu safi na oksijeni ya kawaida baada ya muda huo, anaweza kurudi nyumbani na maelekezo kwamba arejee mara moja akianza kukohoa au kuhema.

Majeraha madogo ya baharini

Mkato wa tumbawe uoshwe kwa maji mengi safi na sabuni, vipande vitolewe, na chanjo ya pepopunda ihakikiwe. Ndimu, majivu na mkojo si dawa ya jeraha. Aliyechomwa na mwiba wa taa, au na miiba myeusi ya wanyama wa mwambani, aloweke sehemu hiyo katika maji ya moto anayoyavumilia, takribani nyuzijoto 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzake ayapime kwanza kwa mkono, kwa kuwa mguu wenye maumivu makali hauhisi kuungua. Mwiba uliozama karibu na kiungo, kifuani au tumboni using'olewe ufukweni. Kwa kinga, mtu atembee majini kwa kuburuta nyayo mchangani, kwani taa huhisi mtikisiko na kuondoka.

Jambo la mwisho ni kuoga. Kichocho hakiambukizi katika maji ya chumvi, lakini konokono wake wanaishi katika madimbwi na mito ya mkoa wa Lindi. Aliyetoka baharini salama asiende kuondoa chumvi katika bwawa. Aoge maji ya bomba au ya kisima.

Hitimisho

Mwaka 1925 Duke Kahanamoku, mwogeleaji wa Olimpiki kutoka Hawaii aliyeusambaza mchezo huu duniani, aliwaokoa watu 8 huko California baada ya chombo chao kupinduliwa na mawimbi. Alichotumia ni ubao wake. Ubao umlazao mwanagenzi ufukweni ndio huohuo unaoweza kumfikishia mzamaji kitu cha kushika.

Kwa pwani ya Kilwa na Lindi, hiyo ndiyo faida kubwa inayoweza kupatikana katika mchezo huu. Huko Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana wa Unguja kuelea na kuogelea wakiwa katika mavazi ya staha, na umeonesha kuwa mila ya pwani si kizuizi cha ujuzi huo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea, usalama wa maji na namna salama ya kuokoa wenzao. Tarehe 25 Julai, ambayo tangu mwaka 2021 ni siku ya kimataifa ya kuzuia vifo vya maji, ingeweza kutumika katika kila zahanati ya ufukweni kufundisha mambo mawili tu: kuelea chali, na kumpulizia pumzi aliyezama.

Mwanagenzi anayekusudia kwenda baharini kesho na aondoke na haya. Muulize mvuvi maji yanaelekea wapi. Elea kabla hujapanda. Usilale juu ya ubao kwa kusubiri. Mgongo ukiuma, toka. Usiwe peke yako. Wimbi utakalosimama juu yake litakuja siku nyingine, maana bahari haiishiwi na mawimbi.